Macho hayana pazia, lakini ndege ya Baltimore ilikuwa na kumbukumbu



Leo naomba mnivumilie, maana kisa chenyewe ni kirefu kidogo. Ni habari ya ndege ndogo ambayo mwaka 2016 ilikuwa ikizunguka juu ya mji wa Baltimore, kule Marekani, saa nyingi kwa siku, bila wakazi kujua kwamba inawapiga picha wote kwa mpigo. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa chuo kikuu, nikaipita kama mtu anavyopita tangazo ukutani. Baadaye nikaingia kwenye kazi hii ya gazeti, nikairudia, na safari hii imekataa kunitoka kichwani. Sababu nitaisema huko mbele.

Tuanze na msemo wetu: macho hayana pazia. Ukipita njiani, mlango wa jirani uko wazi, ukaona anachokula, hakuna wa kukushtaki kwa kuona. Anayetaka siri afunge mlango wake. Hoja rahisi kabisa, na kwa miaka mingi mahakama za Marekani zimeitumia hoja ya namna hiyo kila raia alipolalamika kwamba polisi wamemchungulia kutoka angani.

Ila hata huko, anga haikuwa shamba la bibi tangu mwanzo. Sheria ya zamani waliyoirithi kutoka Uingereza ilisema mwenye ardhi anamiliki na kilicho juu yake mpaka mbinguni. Ndege zilipokuja, sheria hiyo ikageuka kichekesho. Rubani angepiga hodi kwa kila mwenye kiwanja? Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani ikapata kesi ya mfugaji wa kuku aitwaye Causby, karibu na Greensboro, North Carolina. Ndege za kijeshi zilikuwa zinapita futi 83 tu juu ya shamba lake zikienda kutua. Kuku wakaingiwa na kiwewe, wakawa wanajirusha ukutani na kufa, siku nyingine 6, siku nyingine 10, mpaka wakafika kama 150. Bwana yule akaacha ufugaji. Mahakama ikasema anga ni njia ya umma na ile sheria ya mpaka mbinguni haina nafasi tena, lakini ndege ikishuka kiasi cha kumharibia mtu matumizi ya ardhi yake, serikali imlipe.

Angalieni hapo. Causby alishinda kwa sababu ya kelele, mwanga wa taa na kuku waliokufa. Suala la kuonwa halikuwepo kabisa. Mwaka 1946 nani angehangaika na rubani anayetua kwamba ameona nini uani?

Kuanzia miaka ya 1950 na 1960 polisi wa Los Angeles na vitongoji vyake wakaanza kuzoea helikopta, na hapo suala la kuonwa likaanza kunoga. Mwaka 1982, mji wa Santa Clara, California, mtu asiyejulikana aliwapigia polisi simu akasema bwana Ciraolo analima bangi nyuma ya nyumba. Polisi wakaenda, wakakuta uzio wa futi 6 nje na mwingine wa futi 10 ndani. Hawaoni kitu. Wakakodi ndege, wakapita futi 1,000 juu, wakaiona bangi kwa macho yao, wakapiga picha. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 5 kwa 4, kwamba hawakuhitaji kibali cha mahakama. Abiria yeyote wa ndege angeweza kuona kile kile. Mwaka 1989 ikaja kesi ya Riley wa Florida, safari hii helikopta, futi 400, juu ya banda la mimea lililokuwa limekosa vipande viwili vya paa. Jibu likawa hilo hilo.

Macho hayana pazia, basi. Na mimi nikiwa mkweli, kwa kesi zile mbili naielewa hoja hata kama siipendi. Polisi walipita, wakatazama ua mmoja, wakijua wanachotafuta, wakaondoka. Ni jicho, tena jicho la binadamu. Jicho lina mipaka yake. Linachoka, linapepesa, linasahau.

Sasa twende Iraki, maana huko ndiko jicho lilikopata kumbukumbu.

Katikati ya miaka ya 2000 wanajeshi wa Marekani walikuwa wanauawa na mabomu yaliyofukiwa kando ya barabara. Bomu likilipuka, aliyelitega ameshaondoka zamani. Mhandisi wa jeshi la anga aitwaye Ross McNutt, pamoja na wenzake, wakaja na mtambo walioupa jina la Angel Fire. Wazo lenyewe ni rahisi hata mtoto analielewa. Weka kamera kubwa kwenye ndege, ipige picha ya mji mzima kila sekunde, zihifadhi zote. Bomu likilipuka, unarudisha picha nyuma, dakika kwa dakika, mpaka umwone aliyelifukia. Kisha unaendelea kurudi nyuma mpaka uone alitokea nyumba ipi. Au unakwenda mbele uone amekimbilia wapi.

Hapo ndipo penye tofauti yote ya habari hii. Polisi wa Santa Clara walipaswa kumshuku mtu kwanza, halafu ndiyo wamtazame. Mtambo wa McNutt unawatazama wote kwanza, halafu mwenye nao anachagua wa kumshuku baadaye. Tena anaweza kumtazama jana yake.

McNutt alipotoka jeshini alianzisha kampuni ya Persistent Surveillance Systems huko Dayton, Ohio, akaanza kutafuta wateja wa kiraia. Mwaka 2009 ndege yake iliruka juu ya Ciudad Juárez, Meksiko, wakati magenge ya madawa ya kulevya yanauana, ikanasa mauaji. Mwaka 2012 ikaruka siku tisa juu ya Compton, kusini mwa Los Angeles, kwa majaribio na ofisi ya sherifu. Wakazi wa Compton hawakuambiwa. Walikuja kujua mwaka 2014, kupitia kwa waandishi wa habari. Kwa upande mwingine, nyumbani kwao Dayton jambo lilizungumzwa hadharani mwaka 2013, watu wakaja juu, mpango ukaachwa. Yaani walioulizwa walikataa, na ambao hawakuulizwa walirukiwa. Sijui kama kuna haja ya kuongeza neno.

Tumefika Baltimore.

Baltimore ni mji wenye kidonda. Aprili 2015 kijana mweusi, Freddie Gray, alifariki baada ya kuumia akiwa mikononi mwa polisi, mji ukawaka moto. Mwaka huo mauaji yakapita 300, na yakaendelea kupita 300 mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2019 waliuawa watu 348, katika mji wenye watu wasiofika hata 600,000. Nataka namba hiyo ikae kichwani mwenu kabla hamjaanza kuwalaani waliolipia ndege. Mzazi aliyezika mtoto wake, na muuaji hajulikani, ukimwambia kuna ndege inayoweza kurudisha picha nyuma, atakuuliza kwa nini haikuruka jana.

Pesa zilitoka kwa tajiri mmoja wa Texas, John Arnold, na mkewe Laura, waliousikia mtambo huo kwenye kipindi cha redio. Wakatoa dola 360,000. Pesa hazikuingia kwenye bajeti ya mji, zilipitia taasisi ya hisani, kwa hiyo jambo halikufika mbele ya bodi ya mji inayopitisha matumizi. Januari 2016 ndege aina ya Cessna ikaanza kuruka, futi kama 8,000 juu, mpaka saa 10 kwa siku, ikiwa na kamera zinazofunika karibu maili 30 za mraba kwa picha moja. Wachambuzi wa kampuni wakakaa ofisini mbele ya kompyuta, wakirudisha picha nyuma kila polisi walipowaletea tukio. Kuna kazi walifanya, tusiwanyime haki yao. Februari kaka na dada, wazee kabisa, walipigwa risasi mtaani kwao, na picha za ndege zikatumika kumfuatilia aliyekimbia.

Lakini nani alijua? Wananchi hapana. Madiwani hapana. Meya mwenyewe hakuambiwa mapema. Habari ilifichuka Agosti 2016, baada ya ndege kuruka kama saa 300, mwandishi wa jarida la Bloomberg Businessweek alipoichapisha. Kamishna wa polisi wa wakati huo, Kevin Davis, akautetea mpango huo.

Mwezi huo huo, wiki mbili kabla, Wizara ya Sheria ya Marekani ilikuwa imetoa ripoti yake kuhusu polisi wa Baltimore. Humo mnasomeka mambo ya kutisha. Kati ya mwaka 2010 na 2015 polisi waliandika zaidi ya mara 300,000 walizosimamisha watembea kwa miguu. Asilimia 44 ya hizo zilikuwa katika wilaya mbili ndogo zenye watu weusi wengi, ambazo zina asilimia 11 tu ya watu wa mji. Bwana mmoja mweusi alisimamishwa mara 30 katika muda usiofika miaka 4, na hakuna hata mara moja aliyokutwa na kosa. Machi 2017 wakakamatwa askari saba wa kikosi maalumu cha kusaka bunduki, kwa kuwaibia raia waliowasimamisha. Sasa hebu jiulizeni, hao ndio mnawapa ufunguo wa chumba chenye picha za mji mzima?

Na mji wenyewe si mgeni wa mambo haya. Mwaka 1910 Baltimore ilipitisha sheria ya kutenganisha makazi ya weusi na weupe mtaa kwa mtaa, ya kwanza ya aina yake Marekani. Kule watu weusi wamezoea kuambiwa wakae wapi na wapite wapi kwa zaidi ya karne. Ndege ikiruka juu yao, hawaioni kama mzungu wa vitongojini anavyoiona.

Baada ya kufichuliwa, mpango ukasimama. Ukarudi mwaka 2020, safari hii mchana kweupe, chini ya kamishna mpya, Michael Harrison. Kulikuwa na mkataba, bodi ya mji iliupigia kura ikaupitisha 3 kwa 2, na baadhi ya mikutano ya wananchi ilifanyika kwa intaneti kwa sababu ya korona. Pesa zilikuwa zile zile za Arnold, sasa kama dola milioni 3.7. Ndege tatu, zikifunika asilimia 90 ya mji, saa 40 au zaidi kwa wiki, mchana tu, hali ya hewa ikiruhusu. Picha zitunzwe siku 45, na zile zinazohusu kesi zibaki. Ndege zikaanza Mei 1, zikakoma mwisho wa Oktoba.

Polisi walikuwa na utetezi mmoja ambao mwanzoni hata mimi uliniingia. Walisema kwenye picha hizo mtu ni nukta tu. Huoni sura, huoni rangi ya ngozi, huoni kama ni mwanamume au mwanamke. Nukta haina jina, kwa hiyo faragha ya nani imevunjwa?

Ni hapo nilipoanza kufikiria kazi yangu.

Wapo watu ambao hunipigia simu na kuniambia, mdogo wangu, tuonane, lakini siyo hapo ofisini kwenu. Majina yao siyaandiki kwenye daftari. Wengine ni watumishi wa umma, wana watoto wanaosoma, na wanajua wakijulikana kibarua kimeota nyasi. Tunaonana penye watu wengi, tunakunywa chai, tunaachana. Siri yetu haijalindwa na kufuli. Imelindwa na jambo moja tu, kwamba mji una watu wengi na hakuna mwenye muda wa kumfuatilia kila mmoja. Sasa weka ile ndege juu yetu. Nukta moja inatoka kwenye jengo la gazeti saa sita mchana, inakutana na nukta nyingine, zinakaa dakika arobaini, zinaachana. Habari ikitoka gazetini wiki ijayo, mkubwa aliyeudhika hana haja ya kunibana mimi. Anarudisha picha nyuma tu. Ile nukta ya pili jioni ilienda nyumba gani? Jina ataliona kwenye hati ya nyumba.

Nukta haina jina, ni kweli. Lakini nukta ina kwao. Kila jioni inarudi kulala.

Nilifurahi sana nilipoisoma hukumu na kukuta majaji wameliona hilo hilo. Kesi ilifunguliwa Aprili 2020 na kikundi cha wanaharakati weusi wa Baltimore, Leaders of a Beautiful Struggle, pamoja na wakazi wawili, wakitetewa na mawakili wa ACLU. Mmoja wa wakazi hao ni mwanzilishi wa Baltimore Ceasefire, harakati inayowaomba watu wa mji waweke silaha chini na kuacha kuuana. Tafadhali lishikeni hilo. Aliyekuwa anaipinga ndege ni mtu ambaye amejitolea maisha yake kupambana na mauaji yale yale ambayo ndege ilisemwa inakuja kuyakomesha. Kwa hiyo anayesema wapinzani wa ndege hawajali maiti, akatafute hoja nyingine.

Walishindwa mahakama ya kwanza. Wakashindwa tena mbele ya jopo la majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa, Novemba 2020, wawili kwa mmoja. Wakaomba mahakama nzima ikae. Februari 2021 mji wenyewe ukauvunja mkataba, na polisi walikuwa wameshafuta picha nyingi, wakabaki na kama asilimia 14 zilizohusu kesi mbalimbali. Wakaiambia mahakama kwamba mambo yamekwisha, hakuna cha kuamua. Mahakama ikakataa. Picha zilizobaki bado zinatumika, ikasema, kwa hiyo tunaamua.

Juni 24, 2021 uamuzi ukatoka, majaji 8 kwa 7. Jaji Mkuu wa mahakama hiyo, Roger Gregory, ndiye aliyeuandika. Alijenga juu ya kesi ya Carpenter ya mwaka 2018, ambamo Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba polisi wanahitaji kibali kuchukua kumbukumbu za simu zinazoonyesha mtu alikuwa wapi. Katika kesi ile walikuwa wamepata alama 12,898 za mahali alipopita mtu mmoja kwa siku 127. Gregory akasema ndege ni jambo la namna hiyo hiyo. Watu huanza na kumaliza siku zao nyumbani, hivyo ukifuatilia nukta kwa siku kadhaa utajua ni nani, hasa ukiongeza kamera za barabarani na mashine zinazosoma namba za magari, ambazo polisi wa Baltimore walikuwa nazo tayari. Kupata kumbukumbu ya namna hiyo bila kibali kunavunja Marekebisho ya Nne ya Katiba yao, yanayomkinga raia dhidi ya upekuzi usio na sababu.

Majaji saba walipinga, wakiongozwa na J. Harvie Wilkinson, mzee wa siku nyingi katika kiti. Alilalamika kwamba mahakama inaunyang'anya mji uliojaa mauaji chombo cha kujiokoa, na kwamba waliochaguliwa na wananchi ndio waliopaswa kuamua. Siyo hoja ya kipuuzi. Nimeisoma nikatikisa kichwa mara kadhaa, kwa kukubali. Ninachomjibu ni kwamba mwaka 2016 hakuna mwananchi aliyeulizwa, na mwaka 2021 mji wenyewe, kupitia waliochaguliwa, ndio uliouvunja mkataba.

Sasa msije mkalala mkidhani mambo yameisha. Uamuzi ule una nguvu katika majimbo machache ya mashariki ambayo mahakama ile inayasimamia, na ulipatikana kwa tofauti ya kura moja. Na Cessna yenyewe inazeeka. Mwaka 2018 polisi wa Chula Vista, California, walianza kurusha droni kuelekea kwenye matukio watu wanapopiga simu ya dharura, na miji mingine ikaiga. Mchapishaji wa gazeti la La Prensa San Diego aliomba kuonyeshwa video za droni hizo, akanyimwa, akaenda mahakamani. Desemba 2023 mahakama ya rufaa ya California ikaamua kwamba polisi hawawezi kuzifungia video zote kwa pamoja wakidai ni za upelelezi. Nilicheka peke yangu nikisoma. Dola inasema mitaani hakuna siri, kila mtu anaonekana. Ukiomba kuona ilichokiona, inakwambia hiyo ni siri.

Mimi msimamo wangu ni huu. Macho hayana pazia, sawa, na mpelelezi anayemfuatilia mshukiwa wake kwa miguu au kwa helikopta afanye kazi yake. Lakini anayetaka kuuhifadhi mji mzima kwenye sanduku, pamoja na wasio na kosa, kwanza awaambie wenye mji, na kila anapotaka kulifungua aende kwa hakimu na sababu yake mkononi. Baltimore ya mwaka 2016 hakufanya hata moja kati ya hayo mawili, na bila mwandishi mmoja kuchimba, pengine ndege ingeruka miaka.

Nyie mwasemaje? Hasa wale mliofiwa na mtu kwa mkono wa muuaji ambaye hakupatikana, natamani kuwasikia ninyi kwanza. Huenda mkaniona naongea kwa sababu haijanifika.

Nawasilisha.